Picha 46 na maoni matatu yaliyopingana

Mpigapicha aliyeniletea kazi hii anaishi Sinza, Dar es Salaam. Ugali wake unatoka kwenye sendofu, kicheni pati na harusi. Picha za mitindo na za urembo anazipiga pembeni, kwa gharama zake: anaazima nguo kwa mafundi na wabunifu wachanga, anawaomba mabinti wanaotafuta njia ya kuwa wanamitindo, na mpambaji analipwa picha badala ya fedha. Anataka kuhama. Swahili Fashion Week, jukwaa ambalo Mustafa Hassanali alilianzisha mwaka 2008, analifuatilia kila msimu, na anajua kwamba wabunifu wanaopita pale wanahitaji picha za kuuzia nguo mwaka mzima, hata baada ya taa za onyesho kuzimwa. Hiyo ndiyo kazi anayoitaka.

Potifolio yake, mkusanyo wa kazi anaowaonyesha wateja, ilikuwa na picha 46, na kabla ya kunifikia alikuwa ameshaionyesha kwa watu watatu. Mwenzake wa kazi alimwambia, "Kali sana mwanangu, usiguse kitu." Mbunifu wa mavazi, mama wa makamo mwenye duka lake, alipitisha kidole kwenye simu mpaka mwisho kisha akauliza, "Nzuri baba. Sasa nguo ziko wapi?" Na dada anayesimamia kundi la wanamitindo alisema hawezi kuwatofautisha wasichana. "Hawa wote ni mtu mmoja."

Akarudi nyumbani akajaribu kuwatii wote kwa mpigo. Nguo akaziongezea ukali kwenye kompyuta. Ngozi alizokuwa amezilainisha akazirudishia chembechembe za bandia. Vile alivyosifiwa na mwenzake akavizidisha. Kuna gauni moja la satini ya kijani lililokuwa nje ya fokasi tangu kamera ilipobofywa; alilisukuma na kulisukuma mpaka satini ikawa kama karatasi ya msasa. Hapo ndipo alipokuja kwangu. "Shikamoo dada. Wananichanganya. We niambie tu, ni mbaya au ni nzuri?"

Nimechagua picha za magazeti na katalogi kwa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba swali la namna hiyo huleta majibu ya namna ileile: nzuri, kali, sijui, ongeza bidii. Nikamrudishia swali lingine: nani ataifungua hii potifolio, na akishaifunga unataka afanye nini? Akasema, "Yeyote tu. Anipe kazi."

Hapo ndipo tatizo lilipokaa. Wale watu watatu hawakuwa wakipingana hata kidogo. Mbunifu alitafuta nguo kwa sababu anauza nguo. Dada wa wanamitindo alitafuta sura kwa sababu anauza sura. Mteja akimpigia kuomba msichana mwenye mashavu fulani, anahitaji picha inayoyaonyesha. Mwenzake wa kazi alitazama rangi, taa na ujasiri, kama mafundi wanavyotazamana. Kila mmoja alikuwa sahihi kuhusu picha alizozihitaji na hakuwa na la maana kuhusu zile nyingine. Kijana naye aliyachukua maoni matatu ya wateja watatu akayapaka juu ya picha zote 46.

Katika fani hii kukosolewa si jambo geni wala si fedheha. Alexey Brodovitch, Mrusi aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida la Harper's Bazaar huko New York kuanzia 1934 hadi 1958, aliendesha kwa miaka mingi darasa aliloliita Design Laboratory, ambako wapigapicha walileta kazi zao zikachambuliwa mbele ya wenzao. Richard Avedon alipita humo. Brodovitch hakuwa mtu wa maneno laini, lakini wanafunzi wake walijua anatazama kwa jicho la nani: la mtu anayetakiwa kujaza kurasa za jarida la mitindo mwezi ujao. Anayekosoa bila kusema anasimama upande gani anakuachia kazi ya kubahatisha.

Basi tukakubaliana nisimame upande wa yule mama mbunifu kwa picha za nguo, na upande wa mwanamke anayelipa ili apigwe picha apendeze kwa picha za urembo. Upande wa mwenzake wa kazi nikauacha. Sifa za mafundi ni tamu lakini hazilipi kodi ya studio.

Kabla ya kuanza nilimwomba mambo mawili. Kwanza, asinitumie picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana inazibana, na mtu anajikuta anakosoa uharibifu wa WhatsApp akidhani ni wa mpigapicha. Atume kama dokumenti au alete kwenye flashi. Pili, azisafishe zote kwenye karatasi ndogo za 4 kwa 6. Alinung'unika kuhusu hela, akaenda.

Tulizipanga mezani zote kwa wakati mmoja, na mambo mengine yalijisema yenyewe. Kwenye simu picha inakuja moja moja, kila moja inajitetea. Zikiwa mezani zinashitakiana. Aliona mwenyewe kwamba katika picha 21 msichana ameweka mkono kiunoni, mkono uleule wa kulia. Aliona karibu zote zilipigwa mahali patatu tu: ufukwe wa Coco, ukuta mmoja mweupe wa Oysterbay, na chumba chake chenye pazia la kijivu. Sikuwa nimefungua mdomo.

Nikamwomba azigawe. Rundo moja picha ambazo ukiiondoa nguo hakuna picha. Rundo la pili zile ambazo ukimwondoa mtu na kumweka mwingine hakuna picha. Rundo la kwanza likapata 19, la pili 16. Zikabaki 11 zisizojua ziende wapi: machweo, pete ya harusi, chupa ya manukato, mtoto wa jirani. Hizo 11 tuliziweka kando na hatukuzizungumzia tena. Si mbaya. Hazihusiki.

Nilimpa na sharti gumu kuliko yote: asinieleze picha yoyote kabla sijamwambia ninachokiona. Mpigapicha huipenda picha kwa ajili ya mambo yasiyoonekana humo ndani. Alisubiri saa nzima, mvua ilikuwa inakaribia, binti alikuwa na homa akavumilia. Mteja anayeifungua hayajui hayo. Alivunja sharti mara kadhaa, nikawa nainua tu mkono.

Tuanze na nguo, na picha ambayo ningependa kila mpigapicha wa mitindo wa pwani hii aione. Binti amevaa gauni lililoshonwa kwa kanga, bega moja wazi, amesimama ukutani Oysterbay. Mwanga mzuri, pozi tulivu, rangi nyekundu na nyeupe zimekaa. Fundi alikuwa ameikata kanga kwa akili: pindo limezunguka chini ya gauni, mji umekaa kifuani, na jina limepita sawasawa kiunoni kama mkanda. Nikalisogeza karibu nisome. Halisomeki. Herufi zimegeuka, zinakwenda kinyumenyume. Kijana alikuwa ameigeuza picha kwenye kompyuta kwa sababu alitaka binti atazame kulia badala ya kushoto, na kwa miezi yote ambayo picha ile ilikaa humo, yeye na mwenzake aliyemwambia "usiguse kitu" hawakuliona. Jina lenyewe lilikuwa "Wema hauozi". Ukimwonyesha bibi yeyote wa Ilala au wa Mombasa picha ile, ataanza na maandishi kabla hajafika usoni. Mama mbunifu, nina uhakika, aliliona na akanyamaza kwa adabu.

Hilo ni kosa la kubofya, linarekebishika kwa kubofya. Lakini linasema kitu kuhusu jicho lililokuwa likitazama: lilitazama umbo, mwelekeo na mistari, na nguo ikawa rangi tu ya kujazia. Tukatafuta dalili nyingine za jicho hilohilo tukazipata. Shati la kiume ambalo vifungo vyake vimehamia upande wa kike, kwa sababu nayo iligeuzwa. Sketi ndefu ya kitenge iliyokatwa na fremu juu kidogo ya kifundo cha mguu, kwa hiyo hujui urefu wake wala pindo limeishia vipi. Gauni ambalo kiuno kimebanwa kwenye Photoshop mpaka mshono wa ubavuni umejikunja na mstari wa ukuta nyuma yake umepinda. Fundi aliyekata gauni lile limkae mwenye mwili wake, na akafaulu, picha imemfanya aonekane ameshona kitu kingine.

Kisha kuna swali la lenzi, ambalo yeye aliliona la ufundi na mimi naliona la heshima kwa fundi cherehani. Picha zake za nusu mwili zilipigwa kwa lenzi ya milimita 85 tundu lake likiwa limefunguliwa mpaka f/1.4. Kwa umbali wa mita mbili, eneo linalobaki kali hapo ni kama sentimita tano. Jicho moja linang'aa, sikio limeshaanza kuyeyuka, na shanga zilizotiwa kwa mkono moja moja kifuani ni ukungu. Kwa picha ya urembo hilo laweza kuwa sawa kabisa. Kwa picha ya nguo, umeificha bidhaa. Akifunga mpaka f/5.6 eneo hilo linakuwa kubwa mara nne na shanga zinarudi. Picha za mwili mzima nazo alikuwa akizipiga kwa milimita 24, amesimama wima, kamera usawa wa macho ya binti. Matokeo ni kichwa kikubwa na miguu mifupi, na hakuna mwanamitindo duniani anayeweza kulikwepa hilo. Arudi nyuma, aweke lenzi ndefu, apige goti ili kamera ishuke usawa wa kiuno. "Dada, kwenye harusi hakuna nafasi ya kurudi nyuma," akasema. Kweli. Ukumbi wa harusi umemfundisha kubana, na tabia hiyo ameibeba mpaka ufukweni ambako nafasi haina mwisho.

Ukumbi huohuo, lakini, umempa kitu ambacho wengi wanaoanza na mitindo hawana. Katika yale mapicha 19, manne yalikuwa na uhai wa ajabu, na yote manne binti hakuwa amekaa pozi: anashuka ngazi akilishika gauni, anafunga kilemba huku anaongea na mtu nje ya fremu, anageuka baada ya kuitwa. Mtu aliyezoea kuviziana na bibi harusi anayesubiri kuingia ukumbini ana kasi ya kuinasa nukta hiyo. Zile zenye mkono kiunoni ziliigwa kutoka kwa watu wengine. Hizi nne ni zake. Nilimwambia ajenge hapo, na huo ndio ushauri niliousisitiza kuliko makosa yote niliyoyataja, kwa sababu makosa angeweza kuambiwa na mtu yeyote.

Sasa ngozi. Hapa nitakaa kidogo.

"Hawa wote ni mtu mmoja," alisema yule dada, na kijana alidhani anaambiwa abadilishe wanamitindo. Nilimwomba afungue faili la awali, lililotoka kwenye kamera kabla ya kuediti, aliweke pembeni ya lile la mwisho. Tulifanya hivyo kwa wasichana watano. Kwenye faili za awali walikuwa watu watano: mmoja mweusi wa kuiva kabisa, mmoja wa maji ya kunde, mmoja ana kidoti juu ya mdomo, mmoja ana kovu dogo kwenye nyusi. Kwenye faili za mwisho wote walikuwa na rangi moja ya kahawa iliyozidiwa maziwa, taya jembamba, na ngozi isiyo na tundu hata moja. Kidoti kimefutwa. Kovu limefutwa. Alikuwa amenunua mtandaoni furushi la preseti, yaani mipangilio ya kuediti iliyokwishatengenezwa, na analipitisha juu ya kila picha kwa kubofya mara moja.

Tukalifungua furushi tuone linafanya nini. Siri yake kubwa ilikuwa kitelezi kimoja kwenye Lightroom, programu yake ya kuediti picha, kile kinachopandisha mwangaza wa rangi ya machungwa. Ngozi ya binadamu, yoyote ile, kwa macho ya programu imelala kwenye machungwa na wekundu. Ukikipandisha, ngozi inakuwa nyeupe zaidi bila anga wala majani kuguswa. Aliyeitengeneza preseti ile bila shaka alikuwa akiijaribu juu ya ngozi nyingine kabisa. Ila kitenge nacho kina machungwa. Gauni moja ambalo mama mbunifu alilijua, kwa sababu kitambaa chake alikinunua mwenyewe Mtaa wa Uhuru, lilikuwa na maua ya rangi ya embe bivu, na kwenye picha yalikuwa yamefifia kama yameanikwa juani mwaka mzima. Malalamiko ya mbunifu na malalamiko ya dada wa wanamitindo, yaliyoonekana kutoka pande mbili za dunia, yalikutana kwenye kitelezi kimoja. Nilipomwonyesha kijana, alikirudisha sifuri mwenyewe, akakaa kimya akitazama.

Si yeye wa kwanza. Enzi za filamu, maabara nyingi zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley, na ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Kamera za leo zimekwenda mbali na hayo, lakini zina upofu wao. Kipimo cha mwanga hakijui kama mbele yake kuna mtu. Kinajaribu kuifanya fremu nzima iwe na wastani wa kijivu. Msimamishe binti mweusi mbele ya ukuta mweupe wa Oysterbay, kamera itashtushwa na ukuta, itapunguza mwanga, na binti atazama gizani. Mpigapicha akifika nyumbani anavuta vivuli juu kwa nguvu, na ngozi inatoka imepauka. Kila mama wa Kiswahili anaijua ngozi iliyopauka na anajua dawa yake ni mafuta. Kwenye kompyuta hayapo.

Dawa iko kabla ya kubofya. Apime mwanga kwenye shavu lenyewe kwa kipimo cha nukta, kisha, kwa ngozi iliyoiva, apunguze kama hatua moja chini ya kamera inavyotaka, kwa sababu kamera itataka kuigeuza ngozi hiyo kijivu cha wastani. Halafu aache kufikiria wingi wa mwanga afikirie ukubwa wa kinachotoa mwanga. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao: mstari ule unaopita juu ya shavu, begani, kwenye mfupa wa muundi. Taa ndogo kali inaacha doa jeupe kwenye paji la uso. Dirisha kubwa, au shuka jeupe lililotandikwa mbele ya taa, linaacha mng'ao mpana unaochora uso mzima. Mpambaji wake alikuwa akiuua mng'ao huo wote kwa poda, na poda yenyewe, ikipigwa na flashi ya mbele, ilirudisha mwanga mpaka uso ukawa mweupe kuliko shingo. Katika picha tatu mpaka wa poda ulionekana waziwazi chini ya kidevu. Mafuta kidogo ya nazi mikononi na miguuni, poda kwenye pua na paji tu, flashi ihamie ubavuni.

Kuhusu jua sikuwa na mengi. Wasichana wake huwa na nafasi Jumapili mchana, kwa hiyo nusu ya picha za Coco zilipigwa karibu saa sita, macho yakiwa mashimo mawili. Dar iko kama nyuzi saba kusini ya ikweta. Jua la saa sita linapita karibu na utosi karibu mwaka mzima, na mwezi Machi na Oktoba linakaa juu yake kabisa. Jioni nayo haingoji mtu, jua likianza kushuka limeshuka. Kama Jumapili mchana ndiyo nafasi pekee, atoke ufukweni atafute baraza pana, amweke binti kivulini akitazama nje kwenye uwazi. Mwanga unaoingia barazani saa sita ni mzuri kuliko taa nyingi za kununua, na ni wa bure.

Nimeliacha rundo la urembo mwisho, na hapo mazungumzo yalibadilika sauti.

Picha aliyoiweka ya kwanza kabisa katika potifolio nzima ilikuwa ya binti ufukweni, kanga moja, imelowa. Ameikata juu chini ya pua. Midomo, shingo, kifua, maji. Hakuna macho. Aliiweka mbele kwa sababu Instagram ilipata kupendwa kuliko zote. Nikamuuliza kwanza swali lisilohusu upigaji: binti anajua kwamba yuko hapa?

"Alifurahi sana alipoziona."

Hilo si jibu la swali nililouliza. Binti alikuwa amemlipa ampige picha za bethidei. Kufurahia picha kwenye simu yako mwenyewe ni jambo moja. Kuwa mlango wa duka la mtu mwingine, ambalo mwajiri wako, mjomba wako na mchumba wako wanaweza kulipita, ni jambo jingine, na linahitaji ridhaa yake, ikiwezekana kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Ila hata isingekuwepo sheria, mwanamke anayetaka kumlipa kijana huyu ampige picha za urembo atajiuliza swali moja tu anapoifungua potifolio: na mimi ataniweka hivi? Nilimtaka ampigie binti simu palepale. Binti alimsikiliza, akataja picha mbili zitoke, moja akairuhusu ibaki. Iliyobaki haikuwa ile ya kanga.

Na kama picha, nilimwambia, ilikuwa na udhaifu uleule. Ukimkata mtu macho umebaki na mwili ambao ungeweza kuwa wa yeyote, na rundo hili tulisema ni la picha ambazo ukimbadilisha mtu hakuna picha. Hakulipenda jibu hilo. Akasema wapigapicha wakubwa wanakata. Wanakata, ndiyo, lakini tazama kinachobaki: mkono, pozi, kitu cha yule mtu. Hapa kilibaki kifua.

Wakati huo huo namba 38, karibu na mkia, palikuwa na mama wa miaka arobaini na kitu, mteja wa kicheni pati, ameketi kwenye kochi la zambarau akiwa na hina mpya mikononi. Anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera, kichwa amekirudisha nyuma kidogo, kamera iko chini ya macho yake kwa hiyo anakutazama kutoka juu kama mwenye nyumba. Preseti haikupita hapo. Kijana alisema hakuona haja ya kuiediti kwa sababu "si modo". Mistari ya kucheka ipo pembeni ya macho, dhahabu sikioni inang'aa, ngozi ya shingo na ya uso ni moja. Hiyo ilikuwa picha bora ya urembo mezani, na wateja wanaofanana na mama yule ndio wenye fedha ya kulipia picha za urembo katika mji huu. Alipoulizwa, mama alikubali kwa sharti moja: picha iitwe kwa jina la biashara yake ya keki.

Kupanga upya hakukuchukua muda. Zikawa potifolio mbili badala ya moja: picha 14 za mitindo, 10 za urembo. Ya mitindo inaanza na binti anayefunga kilemba, na chini ya kila picha kuna jina la mbunifu, mpambaji na mwanamitindo, jambo ambalo hakuwa amelifanya popote. Ya urembo inaanza na mama wa keki. Satini ya kijani ilitoka. Kisichokuwa kwenye fokasi hakiokolewi. Kanga ilirudishwa upande wake, jina likasomeka, na ikawa ya tatu.

Tulibishana juu ya moja tu. Binti amesimama kwenye kivuko cha Kigamboni, gauni jekundu linapepea kati ya abiria na baiskeli, uso wake umetikisika haueleweki. Kwa kipimo tulichokubaliana, ningeitoa: ni picha ya kivuko yenye nguo ndani yake. Yeye aliing'ang'ania, na safari hii hakunieleza jinsi ilivyokuwa ngumu kuipata. Alisema, "Gauni linaonekana lilivyo zito. Linapepea lakini halirukiruki." Hiyo ilikuwa hoja ya nguo, ya kwanza kuisikia kutoka kwake mchana ule. Sikukubaliana nayo lakini sikuwa na sababu ya kumzuia, akaiweka ya tisa.

Mama mbunifu amempa nguo sita azipige kwa majaribio, kwa malipo ya kila nguo na si ya siku, jambo ambalo kijana aliyezoea bei ya ukumbi bado anahangaika kulipigia hesabu. Alipoipitia potifolio mpya hakusema lolote kuhusu mwanga wala ngozi. Alisimama kwenye ya tisa, akauliza kitambaa kile cha gauni jekundu kilinunuliwa wapi. Mimi bado ningeitoa.